Homa ya mwanangu: tabibu aliuliza simu, sisi tukaishia kwenye sindano. Nani alikuwa sahihi?

#1 Baba Nasra
Habari zenu wakuu. Nipo Tanga mjini, Ngamiani. Nataka kuelewa, sina nia ya kumshtaki mtu, kwa hiyo jina la zahanati sitalitaja.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mwanangu wa kiume, miaka mitatu na nusu. Homa siku mbili, chakula hataki, kang'ang'ania begani hashuki. Kipimo cha haraka cha malaria kikasoma hana. Tabibu, kijana mdogo, akauliza maswali mawili matatu, halafu akatoa simu. Anaandika, inamjibu, anasoma, anamtazama mtoto, anaandika tena. Ile akili mnemba, yaani AI. Mwisho akaniambia: "Baba, inaelekea ni homa ya virusi, antibayotiki haihitajiki. Mpe parasetamoli kwa uzito wake, anywe sana, na siku mbili zikipita bila nafuu, au akianza kupumua kwa shida, mrudishe upesi."

Usiku ule homa ikapanda mpaka mama yake akaanza kulia. Nikambeba hadi sehemu nyingine, ya binafsi. Wakatoa damu, wakasema taifodi, sindano tano za seftriaksoni, antibayotiki, kila siku moja. Jumatatu asubuhi, kachomwa mbili tu, kaamka anadai uji na maandazi. Leo anakimbiza kuku.

Je, ile simu ilikosea? Na ni halali tabibu kuuliza simu mbele ya mgonjwa?

#2 Kipepeo wa Amani
Poleni na hongereni kwa mtoto kupona. Nasubiri wataalamu.

#3 Mzee wa Usagara
Mimi nimelelewa na hospitali ya Bombo hapa Tanga tangu nikiwa mdogo. Daktari alikuwa anakufunua jicho, anakubonyeza tumbo upande wa bandama, anakugonga mgongoni kwa vidole viwili na kusikiliza mlio. Akimaliza ndipo anauliza. Huyu wako, kwa maelezo yako mwenyewe, hakumgusa mtoto hata paji la uso. Kamgusa simu. Hapo sihitaji mtaalamu wa kompyuta kunieleza tatizo.

#4 Tabibu wa Handeni
Niseme kutoka ndani ya chumba. Mimi ni tabibu wa zahanati ya kijijini. Siku yenye watu naona wagonjwa hamsini, tupo mimi na nesi mmoja. Watoto wengi wana homa na kipimo kinasoma hawana malaria. Kabla vipimo vya haraka havijaja ilikuwa rahisi: kila homa ni malaria, mpe dawa aende. Kisha malaria ikapungua maeneo mengi ya mkoa huu, na homa zilizobaki zikawa hazina jina. Ndipo zikapewa majina mawili, taifodi na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Nenda popote utapewa moja, ukiwa na bahati yote mawili.

Baba Nasra, kipimo walichokupa bila shaka ni Widal. Kipimo hicho ni cha mwaka 1896. Hakitafuti mdudu, kinatafuta kinga ambayo mwili umetengeneza, na kinga hiyo hubaki damuni muda mrefu baada ya kuugua, au huchokozwa na homa nyingine kabisa. Taifodi ya kweli huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara, na majibu huchukua siku. Nawe ulipewa majibu usiku uleule.

Kuhusu simu: natumia. Nikishamwangalia mtoto na nina jibu langu kichwani, naiuliza kama nimeruka kitu. Mwezi uliopita ilinikumbusha masikio. Niliporudi kuangalia, sikio la kushoto lilikuwa jekundu kama pilipili. Mtoto yule angeondoka na parasetamoli tu. Kwa hiyo kwa Mzee wa Usagara nasema hivi: kosa la kutomgusa mtoto ni kosa, hata simu isingekuwepo chumbani.

#5 Mvita Asilia
Salamu kutoka Mombasa. Jambo hili huku Kenya limepimwa kwa hesabu. Kliniki 15 za Penda Health mjini Nairobi, wakishirikiana na OpenAI, wenye ChatGPT, mwaka 2025 walitoa matokeo ya ziara 39,849. Tabibu akijaza maelezo, programu ya akili mnemba inasoma nyuma yake kimya kimya: kijani endelea, manjano fikiri, nyekundu simama. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua asilimia 16 na ya matibabu asilimia 13. Kwa hiyo mleta mada, simu yenyewe haina dhambi.

#6 Kalamu Nyekundu
Mvita, namba zako ni sahihi ila umeacha nusu ya habari. Makosa hayo yalihesabiwa na madaktari waliosoma kumbukumbu za ziara. Wagonjwa wenyewe walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti kati ya waliotibiwa na tabibu mwenye programu na wa tabibu asiye nayo haikutosha kusema programu ndiyo sababu. Kumbukumbu nzuri na mtu aliyepona ni vitu viwili.

Na jambo la pili: ile ilikuwa imefungwa ndani ya mfumo wa kliniki, imepewa miongozo ya Kenya, na kulikuwa na watu wa kuwafuatilia matabibu wazoee kuitumia. Kijana wa Baba Nasra alikuwa na simu yake ya mkononi na bando lake. Tusiviite kwa jina moja.

#7 Fundi Mitambo Chumbageni
Nakazia #6. Halafu kuna mkanganyiko mwingine. Yapo matablet yenye mwongozo wa magonjwa ya watoto: unajibu ndiyo au hapana, linakupeleka hatua inayofuata. Hilo halibuni lolote, ni mti wa maamuzi ulioandikwa na madaktari. Tanzania tumelijaribu katika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro, matokeo yakachapishwa 2024. Kwenye vituo vya kawaida watoto 70 kati ya 100 waliondoka na antibayotiki. Kwenye vituo vyenye tablet, 23. Na hadi siku ya saba watoto wa upande wa tablet hawakuwa na hali mbaya zaidi ya wenzao.

Hebu ziangalieni tena hizo 70 na 23. Wengi wa watoto wetu wanakunywa antibayotiki ambazo hawakuzihitaji, na siku watakapozihitaji kweli wadudu watakuwa wamezizoea. Mimi nina mabinti wawili, jambo hili linaniuma.

Baba Nasra, una uhakika ilikuwa akili mnemba? Isije ikawa mwongozo tu.

#8 Baba Nasra
Ilikuwa mazungumzo mkuu. Anaandika sentensi, inajibu aya nzima. Kwa Kiingereza.

#9 Mama Chuo, Pangani
Hapo kwenye Kiingereza ndipo ninapotaka kuingia. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimewasindikiza akina mama wengi zahanati, nawasikia wanavyojieleza. Mmoja anasema "nina chango". Daktari mgeni anaandika tumbo. Chango la mwanamke wa Pangani laweza kuwa maumivu ya siku zake, laweza kuwa hapati ujauzito, laweza kuwa mimba inayotishia kutoka. Mwanamume anasema "mshipa", na kwa ukanda wetu wa matende na mabusha neno hilo lina uzito wake, mtu analitamka akiwa ameinamisha kichwa. "Kichomi" je? Wengine ni nimonia, wengine ni mchomo wowote ubavuni. Na mtoto akipata degedege, bibi yake anaweza asiseme degedege kabisa kwa kuogopa kulitaja.

Sasa haya yanatoka kinywani kwa Kiswahili cha pwani, au Kizigua, au Kibondei, yanapita kichwani kwa kijana aliyesomea mkoa mwingine, anayatia kwenye Kiingereza chake, ndipo mashine inaanza kufikiri. Nini kimebaki humo?

#10 Mvita Asilia
Mama Chuo, nakuvulia kofia. Ila hizi mashine Kiswahili zinakijua sasa. Ada, ile programu ya simu ya Wajerumani ya kuuliza dalili, iliwekwa Kiswahili tangu 2019.

#11 Mama Chuo, Pangani
Mwanangu, iulize basi chango ni nini, uje utusomee.

#12 Mvita Asilia
Nimeuliza moja ninayotumia. Imeniambia ni minyoo ya tumboni.

Sawa Mama. Kwa Kiswahili cha kamusi haijakosea, lakini nimekuelewa.

#13 Ukoo wa Mnazi
Samahani, kwani jina sahihi ni lipi? Huyu anasema akili mnemba, redioni nasikia akili unde, mwanangu shuleni anasema akili bandia.

#14 Kalamu Nyekundu
Yote matatu yanatumika. Mimi napenda akili unde, maana imeundwa. Bandia inafanya watu waone kama noti feki.

#15 Mzee wa Usagara
Iiteni muitavyo, haina mikono.

#16 Duka Dawa Muhimu
Mimi nina duka la dawa muhimu, njia ya Pongwe. Ninyi mnajadili zahanati, lakini huduma ya kwanza kwa watu wengi ni kaunta yangu. Siku hizi mteja anakuja na simu mkononi: "Nimeuliza, imeniambia ninunue dawa hii na hii." Wiki iliyopita kaja dada na orodha ya dawa nne za tumbo. Nikamuuliza: una ujauzito? Kimya. Kumbe miezi mitatu. Simu haikumuuliza, naye hakuiambia.

Nikikataa kuuza anakwenda duka la pili. Huyo tabibu aliyeuliza simu angalau amesomea. Mimi kinachoninyima usingizi ni mgonjwa anayeuliza simu peke yake usiku, ana shilingi elfu tano na hana nauli.

#17 Sheria na Haki
Swali la pili la mleta mada, la uhalali, naona limerukwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Habari za afya ya mtu ni katika taarifa nyeti. Tabibu akiandika "mtoto wa kiume, miaka mitatu na nusu, homa", hiyo bado haimtaji mtu. Akiongeza jina, mtaa na namba ya kadi, amezituma kwenye kompyuta zilizo nje ya nchi bila ruhusa yako. Uliona aliandika jina?

#18 Baba Nasra
Sikuona jina. Alipiga picha kadi ya kliniki lakini sijui kama aliituma.

#19 Sheria na Haki
Ulikuwa na haki ya kumuuliza. Muulize hata sasa, kwa upole.

#20 Nesi wa Bagamoyo
Nimefuata uzi tangu mwanzo. Nipo Bagamoyo, nimefanya kazi na watoto miaka kumi na sita. Hapa kwetu na kule Korogwe ndiko chanjo ya malaria ya RTS,S ilikojaribiwa kwa Tanzania, kwa hiyo mama wa Bagamoyo kuona mtoto wake akifuatwa na karatasi na kompyuta si jambo geni.

Nachoona ni kwamba watu wanabishana simu na sindano, na mtoto mwenyewe kasahaulika. Baba Nasra, naomba unijibu haya. Homa ilianza siku gani hasa? Alitokwa na vipele ilipoisha? Kukojoa je, alilia?

#21 Dengi Ilinipitia
Swali la vipele ni zuri. Mwaka 2019 dengi iliingia Dar na Tanga, mimi nilikuwa mmoja wao. Malaria hakuna, mifupa kama inapondwa kwenye kinu, macho yanauma nikiyazungusha. Nilipewa dawa ya malaria, nikapewa ya taifodi, nikapewa na ya UTI. Siku ya sita homa ikakata yenyewe, yule wa mwisho kunitibu akapewa sifa zote. Na baadaye nikaja kujua kwamba kwenye dengi homa ikishuka ndipo pa kuwa macho, maana hatari huanza hapohapo. Wakati ule hakuna aliyeniambia.

Je, mashine iliyofundishwa kwa wagonjwa wa Marekani ingeiwaza dengi kwa mtu wa Tanga?

#22 Fundi Mitambo Chumbageni
Ukiiambia mtu yuko Tanga, ni masika na mbu wapo, itaiwaza. Usipoiambia, haijui hata kama mvua imenyesha.

Ila hoja yako ya mafunzo ina ushahidi. Mwaka 2019 Marekani walikuta programu ya kuchagua nani apewe uangalizi zaidi ilikuwa inawaweka nyuma watu weusi, kwa sababu ilipima ugonjwa kwa fedha alizotumia mtu hospitalini. Aliyekosa huduma alionekana mzima. Fikirieni hiyo kwetu, mtu wa Kilindi asiyefika hospitali mwaka mzima kwa sababu ya barabara.

#23 Nesi wa Bagamoyo
Na kile kidude cha kubana kidole kupima oksijeni, ambacho si akili mnemba, nacho kimeonekana kusoma juu zaidi kwa ngozi nyeusi. Kwa hiyo mtoto anaweza kusomeka yuko salama na hayuko. Mashine ikilishwa namba hiyo, itatoa jibu safi juu ya namba mbovu.

#24 Mjomba wa Korogwe
Nitoe upande mwingine. Kaka yangu alikohoa miezi minne. Likaja gari la eksirei mnadani, wakampiga picha ya kifua, kompyuta ikampa alama papo hapo, ikasema huyu apimwe makohozi. Ikawa kifua kikuu. Daktari wa kusoma picha hakuwepo hata mmoja, mashine ndiyo ilimnyooshea kidole. Shirika la Afya Duniani liliruhusu usomaji huo tangu 2021 kwa wenye miaka 15 na kuendelea. Kaka kamaliza dozi, yuko shambani. Sikubali mtu aseme haya mambo hayana faida.

#25 Ukoo wa Mnazi
Kumbe. Mimi najua panya wa Morogoro tu, wanaonusa makohozi.

#26 Mjomba wa Korogwe
Hao pia ni wa kweli, na hawahitaji bando.

#27 Mzee wa Usagara
Nimefurahi kwa kaka yako, kwa dhati. Lakini angalia: picha ya kifua ni kazi moja, jibu moja. Chumba cha tabibu ni kila kitu kinachoingia mlangoni. Na kuna jambo mwanangu aliye daktari kaniambia nimelishika: Poland madaktari wa utumbo walipozoea kompyuta ya kuwaonyesha vinyama vinavyoota ndani ya utumbo, siku wakifanya bila hiyo kompyuta walianza kuvipata kwa wagonjwa wachache zaidi, kutoka asilimia 28 hadi 22. Hao ni wazoefu. Kijana wa mwaka wa kwanza kazini atajifunza lini kugonga mgongo?

#28 Tabibu wa Handeni
Mzee, hapo umenigusa. Mimi nilifundishwa na mganga mfawidhi aliyekuwa ananiita "njoo usikilize kifua hiki". Alistaafu, hakuletwa mwingine. Vijana wanaokuja sasa hawana wa kumuuliza, na simu inajibu saa nane za usiku. Hawaipendi kuliko mwalimu. Mwalimu hayupo.

#29 Baba Nasra
Nimerudi wakuu. Nimezungumza na mama yangu mzazi, ndiye hukaa na mtoto tukiwa kazini. Nimepigwa na butwaa.

Homa haikuanza Alhamisi. Anasema mtoto alichemka tangu Jumanne usiku. Alimwogesha maji ya mwarobaini, akampa parasetamoli ya maji iliyobaki kabatini, hakutuambia kwa kuwa asubuhi alikuwa vizuri. Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa siku ya nne. Mimi nilisema mbili, tabibu akaandika mbili.

Vipele: vilikuwepo vidogo mgongoni Jumatatu. Tulidhani joto. Mkojo sikumbuki.

#30 Kalamu Nyekundu
Hii inabadilisha uzi wote. Mashine ilijibu vizuri kuhusu mtoto mwingine.

#31 Tabibu wa Handeni
Homa ya siku nne nisingemwachia parasetamoli bila kuangalia masikio, koo na mkojo. Kwa hiyo inawezekana kulikuwa na bakteria mahali, sio taifodi, na sindano ikamsaidia kwa jina lisilo lake.

#32 Dengi Ilinipitia
Au ni virusi vilivyomaliza siku zake. Jumanne hadi Jumatatu ni hesabu ya dengi hiyohiyo, na vipele vyake.

#33 Duka Dawa Muhimu
Au vipele ni vya dawa. Seftriaksoni huleta.

#34 Mzee wa Usagara
Au bibi ndiye aliyemtibu kwa mwarobaini, nanyi mnagombea sifa zake.

#35 Mama Chuo, Pangani
Usimlaumu mama yako, Baba Nasra. Hakuulizwa. Nyumba za huku mtoto anashinda na bibi kutwa, halafu anayekwenda naye zahanati ni baba aliyetoka kazini.

#36 Baba Nasra
Simlaumu Mama. Najilaumu mimi kwa kusema mbili kwa uhakika ule. Jana nilikwenda kwa yule tabibu, nikamweleza. Hakukasirika. Alikaa kimya, akaniuliza mtoto anaendeleaje, akasema picha ya kadi ilikuwa ya kunakili uzito na hakuituma popote. Akaandika ile tarehe ya Jumanne kwenye daftari lake.

#37 Nesi wa Bagamoyo
Mwungwana huyo. Sasa la mwisho kutoka kwangu. Katika sehemu zote mbili, zahanati na binafsi, kuna aliyehesabu pumzi za mtoto? Amefunuliwa kifua, mtu akaangalia saa?

#38 Baba Nasra
Hapana. Hakuna.

Inahesabiwaje dada?

#39 Nesi wa Bagamoyo
Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Mfunue tumbo na kifua. Shika saa yenye mshale wa sekunde au ya simu, hesabu kila tumbo linapopanda, dakika moja nzima, usikate nusu. Mwenye mwaka mmoja hadi mitano, zikifika 40 au zaidi, anapumua haraka, mpeleke. Wa miezi miwili hadi kumi na moja ni 50. Na bila kuhesabu chochote, mkimbize akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea asiamke vizuri.

Mfundishe na bibi yake.

#40 Baba Nasra
Nimehesabu sasa hivi akiwa amelala. 26. Bibi kahesabu yeye kapata 27, anasema mimi nimeruka moja.